Maranda ya Jumapili

"Hivi mama Odeta, mumeo anaogea nini, mbona maji yenu yanang'aa?"

Gladness aliuliza hivyo asubuhi moja akiwa upande wake wa uzio wa minyaa, ndoo mkononi, macho yake yakifuata kijito kidogo kilichotoka bafuni kwa akina Ojwang, kikapita katikati ya mawe mawili makubwa na kuteremka kuelekea kwake. Jua la mtaa wa Pasiansi lilikuwa limeshapanda juu ya mawe, na kweli maji yalikuwa yanang'aa kama mtu amepara magamba ya sato ndani yake. Awuor, mama Odeta mwenyewe, alimjibu kwamba ni chuma. Mumewe, Ojwang, alikuwa fundi wa mashine ya milingi kwenye karakana ya Kashindye, kule chini karibu na ziwa, na chuma kikichongwa hutoa maranda, kama mbao zinavyotoa maranda kwa seremala. Maranda hayo huingia kwenye nywele, kwenye soksi, mpaka masikioni. Gladness alisema "Haya," kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika, na tangu siku hiyo akawa anawafukuza kuku wake wasinywe pale.

Hiyo ilikuwa zamani, Ojwang akiwa hai. Sasa Ojwang amelala kwenye makaburi ya kanisa, na anayeteremka asubuhi kwenda karakana ni Awuor mwenyewe. Baada ya matanga Kashindye alimwita, akamwambia kuna kazi ya usafi kama anaitaka. Awuor aliitaka, kwa sababu mjane hali maombi peke yake. Lakini aliishika kazi hiyo kwa jicho la pembeni. Mtu aliyemtwisha mumewe lawama mbele ya serikali, kwa nini amtafutie mjane wake kazi? Swali hilo hakumuuliza mtu. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini alijua kungoja.

Lawama yenyewe ilikuwa hivi. Nahodha Masalu alikuwa na boti ya kubeba dagaa kutoka visiwani, na boti hiyo ilihitaji shafti mpya ya kuzungusha pangaboi. Kwenye ubavu wa shafti huchongwa njia fupi, mahali pa kukaa kipande cha chuma ambacho mafundi wanakiita kii. Kii ndiyo inayolishika pangaboi lisizunguke peke yake. Ojwang aliichonga njia hiyo Jumamosi, akaipima, akaondoka. Siku chache baadaye boti ilikuwa katikati ya ziwa, upepo ukavuma, shafti ikakatika. Boti ilipigwa kwenye mawe. Alirudi kijana mmoja tu, akiwa amekumbatia dumu, naye alisema shafti ilikatika palepale penye njia ya kii. Wapelelezi walikuja na kofia zao. Kashindye aliwaambia kwamba aliyechonga ni Ojwang, na bila shaka alichonga ndani mno. Ojwang alisema yeye alichonga kwa kipimo, na kwamba Jumatatu alipofika kazini alikuta tangi la mashine yake limekauka na mfereji umeziba, kwa hiyo kuna mtu aliitumia Jumapili. Kashindye alisema Jumapili karakana hufungwa kwa kufuli. Shafti iko chini ya ziwa, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda kuiuliza. Mvua za mwaka uliofuata Ojwang akafa, moyo wake ukiwa umechoka.

Tangu hapo jumuiya haikusali tena nyumbani kwa Awuor.

Mtu asiye Mkatoliki anaweza kuliona hilo ni dogo. Kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaenda kwenye shughuli zao, jumuiya husali nyumba moja, na Jumamosi inayofuata nyumba inayofuatia, mpaka mtaa unakwisha na kuanza upya. Nyumba yako inafagiliwa, mshumaa unawashwa mezani pako, majirani wanaketi kwenye mikeka yako na kuwataja marehemu wako kwa majina. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Teodora, mjane wa nahodha Masalu. Ilipofika zamu ya Awuor, Teodora alitaja nyumba ya mbele yake. Mara ya kwanza Awuor alidhani amesahau. Mara ya pili hakudhani tena. Zamu ilikuwa ikimfikia, inamruka, inaendelea juu ya kilima, na jina la Ojwang lilikuwa halijatajwa chini ya paa lake tangu azikwe. Awuor hakuhitaji kitu kingine duniani zaidi ya hicho. Alikuwa amemwambia Mungu hivyo, kwa maneno machache, mara nyingi.

Basi tuje kwenye mfereji.

Mashine ya milingi ina meza ya chuma, na juu ya meza kuna kisu kinachozunguka. Kisu kikianza kula chuma, bomba dogo linakimwagia kulanti, maji meupe kama maziwa yenye harufu ya sabuni na mafuta, ili kisu na chuma visiungue. Maji yakishapoza yanaanguka mezani, yanakimbilia mfereji wa pembeni, yanapita kwenye matundu yenye wavu, yanarudi tangini, na pampu inayapandisha tena. Ndiyo safari yake siku nzima, na adui wa safari hiyo ni maranda. Maranda yakijazana kwenye matundu, maji hayarudi. Tangi linakauka, pampu inakohoa, na kisu kinaendelea kukata chuma kikavu. Hapo chuma huungua, na maranda hutoka yakiwa na rangi ya buluu kama shingo ya kanga. Kila mtu wa karakana anajua hilo.

Kazi ya Awuor ilikuwa kuhakikisha safari haikatiki. Alikuwa na brashi, kopo, na kulabu ya spoku ya baiskeli. Jioni aliyazoa maranda, akachokoa tundu moja moja, akamwaga kopo la maji na kusikiliza. Maji yakishuka kwa sauti ya mtu anayemeza, mfereji umesafika.

Jumatatu moja ya mwanzo wa Kwaresima, Luhaga alishinda akikata shaba. Luhaga ndiye fundi aliyeachiwa mashine ya Ojwang. Jioni Awuor alisafisha, akamwaga maji, mfereji ukameza, akaenda zake. Jumanne asubuhi alikuta mfereji umejaa mpaka ukingoni. Si maranda ya shaba, ya manjano. Yalikuwa ya chuma cheusi cha shafti, mafupi, yamelowa maji meupe, na yalinuka dagaa.

Awuor alisimama, mikono kiunoni, akamngoja Luhaga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Jana ulirudi hapa?"

"Nirudi kufanya nini?"

"Nakuuliza wewe."

Luhaga alichungulia mfereji, akakuna kidevu. "Mimi jana nilikuwa na shaba, Mama. Uliniona."

"Niliona mchana. Baada ya hapo sikukuona."

"Basi kamuulize mke wangu. Atafurahi kuulizwa, maana naye ananishuku hivyohivyo."

Awuor hakucheka. Aliyazoa maranda, akayatia kwenye gunia la chuma chakavu, akausafisha mfereji. Jumatano asubuhi ulikuwa umejaa tena.

Sasa alianza kuwaangalia watu. Alimwangalia Luhaga, kwa sababu ana ufunguo. Alimwangalia Kashindye, kwa sababu ana ufunguo na ana mdomo. Alimfikiria hata Gladness, ingawa Gladness hajawahi kufika karakana, kwa sababu mtu anayewazuia kuku wake kunywa maji yako anaweza mengi. Aliona wazi kwamba kuna mtu anamfanyia dhihaka. Nani mwingine angeweka maranda ya shafti mbele ya mjane wa Ojwang, na kuyanukisha dagaa? Alipotoka jioni alimwaga majivu sakafuni kuzunguka mashine, akayasawazisha kwa ufagio. Asubuhi majivu yalikuwa kama alivyoyaacha, hayana unyayo wa mtu wala wa panya, na mfereji ulikuwa umejaa. Akanyunyiza maji ya baraka kwenye matundu. Kesho yake maranda yalikuja na madoa ya kutu, kama chuma chochote kilicholoweshwa.

Ijumaa ya wiki ya pili aliamua kuwahi. Alifika jua likiwa linatoka, mlinzi akamfungulia, akaingia na rozari mkononi. Akayakuta yakiwa njiani. Yalikuwa yanapanda kutoka ndani ya tundu, yamefuatana kwa mstari kama siafu wanaohama, bila haraka. Yaliyotangulia yalikuwa yameshalala kwenye mfereji na kuyapisha ya nyuma. Awuor alitazama kama mtu anavyotazama wageni wa jirani wakishuka na mizigo: ni akina nani, na wanakuja kwa nani. Alisali fungu moja la rozari. Yalikuwa bado yanakuja. Luhaga naye aliingia, akasimama kando yake na koti lake mkononi, akangoja mpaka randa la mwisho lilipotoka na kujikunja mahali pake.

"Yamemaliza?" aliuliza.

"Kwa leo."

Luhaga alitundika koti lake kwenye msumari. "Basi nisaidie kuyatoa, Mama, nina gia ya kukata." Lakini Awuor aliona kwamba hakumtazama usoni, na siku hiyo nzima alikula chakula chake nje.

Wiki iliyofuata alikuja Otuoma, mnunuzi wa chuma chakavu, akiwa amekasirika.

"Mama Odeta, mnaniibia."

"Nani kakuibia?"

"Nimepakia maranda hapa kwenu, gunia limefungwa kwa kamba yangu mwenyewe. Nafika Kisesa, gunia tupu. Halijatoboka!"

"Yamerudi," Awuor alimwambia, akamwonyesha mfereji.

Otuoma aliinama, akayatambua maranda yake. "Basi si mngeniambia kwamba ni ya kurudi," alisema. "Mimi nachukua chuma cha kwenda." Akapakia makopo na chuma cha mabati, akaondoka akinung'unika.

Kashindye aliposikia alikuja mwenyewe, simu mbili mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, wa kusalimia kila mtu kwa jina.

"Maranda haya ni ya nini, Mama?"

"Ya shafti."

"Shafti ipi?"

"Unaijua."

Kashindye aliitazama simu moja, kisha akaitazama ya pili. "Yapeleke kwako," alisema. "Hapa yanaziba mfereji, na kuna mtu wa Ukerewe anasubiri kazi yake."

Awuor alijiuliza kwa nini hakusema yatupwe ziwani. Baadaye alielewa kwamba hata Kashindye hakutaka yapate lifti ya kwenda kuikuta shafti yao.

Akawa anayabeba kwenye ndoo kila jioni mpaka nyumbani, anayamwaga ndani ya karai, anasukuma karai chini ya kitanda. Kwake hayakuhama. Asubuhi machache mengine yalikuwa yanapanda karakana, kama jamaa waliochelewa basi, naye aliyachukua pia. Gladness alimwona akipita na ndoo.

"Sasa mnafuga nini humo?"

"Nafuga peke yangu. Mwenzangu alikufa."

"Ndiyo, unafuga nini?"

"Chuma."

"Haya," alisema Gladness, na jioni ileile mtaa ulijua kwamba mama Odeta amelaza kitu cha chuma chini ya kitanda. Teodora alipokutana naye Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba, alihamia benchi la pili.

Ndani ya karai maranda yalikuwa na shughuli zake. Mwanzoni Awuor alisikia sauti kama mtu anayechagua mchele. Alipoinua shuka aliona yanazunguka, yanajaribiana, randa moja linasimama kando ya jingine, halifai, linatafuta jingine. Yakipatana yanashikana, na mahali yaliposhikana hapaonekani tena. Alizoea. Wakati mwingine alikaa juu ya kitanda akisuka ukili, na chini yake yanachagua mchele, na nyumba haikuwa kimya kama zamani. Hakuyaamini hata hivyo. Kitu kinachokujia bila kuitwa, lazima kimetumwa, na alitaka kujua na nani. Alimuuliza Odeta kwa simu. Odeta, aliyeolewa Magu, alisema, "Mama, ya baba yatakuwa, yaache yamalize."

Yalimaliza siku ya Pasaka. Awuor aliporudi kutoka misa alikuta karai lina kipande kimoja tu, kizima, ndani ya maji meupe kidogo. Kilikuwa na urefu wa kiganja, kimeviringana ncha zote mbili, kama mche wa sabuni ulioogewa. Alikigeuza, na akajua anachokitazama. Lilikuwa ni lile tundu la njia ya kii, sasa likiwa chuma kizima. Kila kilichotolewa kwenye ile shafti ili njia ya kii ipatikane kilikuwa kimerudi na kukaa kama kilivyokaa kabla ya kisu kupita. Sehemu ya juu ilikuwa nyeupe, safi, imekatwa taratibu, maji yakitiririka. Sehemu ya chini, nene karibu sawa na ile ya juu, ilikuwa ya buluu. Kati ya nyeupe na buluu palikuwa na mstari ulionyooka kabisa. Mtu mmoja aliishia pale na kuzima mashine. Mtu mwingine alianzia pale.

Alikaa kitandani na gauni lake la Pasaka, kipande mapajani, mpaka maji meupe yakalowesha gauni.

Baada ya sikukuu alikifunga kwenye khanga akaenda nacho karakana. Luhaga alikuwa anakunywa uji. Awuor alifungua khanga juu ya meza ya mashine, na Luhaga akaweka kikombe chini.

"Ni chenyewe," alisema.

"Hapa juu ni kazi ya nani?"

"Ya marehemu. Nani mwingine alikuwa anakata maranda mafupi vile?"

"Na hapa chini?"

Luhaga alifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Hapa chini pangu."

"Siku gani?"

"Mama, siku unaijua."

"Nataka niisikie kinywani mwako."

"Jumapili." Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mkate. "Nahodha Masalu alikuja na shafti begani watu wakienda misa ya kwanza, akaondoka ya pili imekwisha. Kii aliyonunua ilikuwa nene, pangaboi halikuingia. Nikamwambia tuipunguze kii kwa tupa. Akasema tupa itamchelewesha, siku za giza la mwezi zinaanza, dagaa wanavuliwa gizani, mwezi ukitoka atakuta wenzake wameshabeba wote. Akasema tuzamishe njia. Bosi akaja na ufunguo. Nikazamisha. Sikusimama kusafisha mfereji, maji yakakata, nikamaliza kavu."

"Ojwang alipoulizwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nimesimama kama nilivyosimama sasa."

Kashindye alikuwa ameingia na kusikia. Alikichukua kipande, akakipima uzito mkononi, akapitisha ukucha kwenye ule mstari.

"Kazi nzuri," alisema. "Huwezi kuona kiungo."

"Utawaambia?" Awuor aliuliza.

"Nani, Mama?"

"Waliokuja na kofia."

Kashindye alivuta kigoda, akaketi, akamwonyesha na yeye aketi. Awuor alibaki wima.

"Mama Odeta, mimi sibishani na wewe. Kitu ni hiki, kila mtu anakiona. Lakini sikiliza. Pale penye lawama hapakai patupu. Nikimtoa marehemu Ojwang, lazima nimweke mtu. Nimweke Luhaga, ana watoto wadogo? Nimweke marehemu Masalu, mjane wake alie upya? Au nijiweke mimi?"

"Ndiyo," alisema Awuor.

"Ndiyo yupi?"

"Yeyote kati ya mliokuwepo. Mume wangu alikuwa kanisani."

Kashindye alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyesikia jibu la mtoto mwerevu. Luhaga hakucheka.

"Ndiyo maana ulinipa kazi?" Awuor aliuliza. "Uwe unaniona?"

"Nilikupa kazi kwa sababu unajua kunyamaza," Kashindye alijibu. "Tena unasafisha vizuri." Akamrudishia kipande kwa mikono miwili, kwa heshima, akasimama. "Luhaga, yule wa Ukerewe kapiga simu tena."

Luhaga aliwasha mashine. Maji meupe yakaanza kushuka, na Awuor akachukua kulabu yake, kwa sababu maranda yalikuwa yameanza kujaa kwenye matundu na hakuna mwingine wa kuyatoa.

Jumamosi hiyo jumuiya ilisali kwa mama Kija, nyumba iliyo chini kidogo ya kwa Awuor. Jua lilikuwa halijapata nguvu. Watu waliketi kwenye mikeka, wanaume wachache kwenye kochi, mzee Yakobo karibu na dirisha. Walisoma Injili inayosimulia Tomaso na madonda, wakaelezana, wakaomba. Teodora alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuongoza nyimbo, na hata akiongea kawaida ungedhani wimbo unakaribia. Mwishoni aliuliza kama kuna mwenye neno.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Awuor, akasimama.

"Milele amina."

Alifungua khanga, akakiweka kipande mezani karibu na mshumaa. Maji meupe yakaanza kuchuruzika kwenye kitambaa, na mama Kija akaisogeza Biblia. Awuor alieleza kwa maneno machache. Hiki ndicho kilichotolewa kwenye shafti ya nahodha. Kimerudi chenyewe Kwaresima yote. Hapa juu alikata Ojwang, siku ya Jumamosi. Hapa chini palikatwa Jumapili, na yeye hayupo. Luhaga amekiri, Kashindye amekiri. Akaketi.

Kipande kikaanza kuzunguka mkono kwa mkono, kama kikapu cha sadaka.

"Kizito," alisema mama Kija.

"Kinanuka dagaa," alisema mwingine.

"Si kilikuwa ziwani."

"Hapana, hiki hakikwenda ziwani. Ziwani ilikwenda shafti. Hiki kilibaki." Mzee Yakobo, aliyewahi kuwa kuli bandarini, alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Buluu hii ni ya kuungua. Hapa hapakuwa na maji." Akakipitisha. Hakuna aliyesema kwamba haiwezekani. Waliomtazama Awuor walitikisa kichwa taratibu kama watu wanaotoa pole.

Kikafika kwa Teodora. Alikiweka mapajani. Akapitisha kidole gumba kwenye sehemu ya buluu, mara moja, kisha tena, polepole, kama anayepapasa paji la mgonjwa. Kidole chake kilitoka cheupe.

"Nani alipeleka shafti Jumapili?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kipande.

"Wewe unajua," alisema Awuor.

"Nimekuuliza wewe, mama Odeta."

"Na mimi nakuuliza. Jumapili ile, kabla giza la dagaa halijaanza, mumeo alisali misa ya kwanza au ya pili?"

Mama Kija, aliyekuwa akiimba sauti ya pili na Masalu kwaya miaka yote, alianza kung'oa nyuzi za mkeka. Mshumaa ulikuwa unalia nta upande mmoja. Waliokuwa mle ndani, kati yao, walikuwa wamesali misa zote mbili, na kila mmoja alijua nani huketi wapi.

"Ya pili," alisema Teodora. "Alikaa na kwaya, karibu na nguzo. Alikazia macho mwanga wa altare, kama kawaida yake."

Awuor aliwageukia wengine.

"Mama Kija?" aliuliza Awuor.

"Siku nyingi, mama Odeta," alisema mama Kija kwa mkeka. "Kichwa changu siku hizi hakishiki."

"Mzee Yakobo?"

Mzee Yakobo alitazama nje ya dirisha, kama vile kuna mtu anakuja.

Teodora alikirudisha kipande mezani, kwa uangalifu, sehemu ya buluu ikiwa chini. Alijifuta kidole kwenye pindo la kitenge. "Tumshukuru Mungu kwa aliyotuonyesha," alisema. "Tuwaombee marehemu wetu wote waliofia ziwani, na nahodha Masalu. Raha ya milele uwape ee Bwana."

"Na mwanga wa milele uwaangazie," waliitikia wote, na Awuor aliitikia pia, kwa sababu sala haikuwa na kosa.

"Jumamosi ijayo," Teodora aliendelea, "tutasali kwa mzee Yakobo."

Kwa mzee Yakobo kulikuwa baada ya kwa Awuor. Mzee Yakobo alisema karibuni nyote. Mtu mmoja akauliza kama waje na mikeka, akajibiwa ipo. Teodora akavuta pumzi ya wimbo wa kufungia.

Awuor aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu huku akishika pindo la gauni lake, akavaa kandambili mlangoni. "Mama, umesahau chuma chako," mtu alimwita kwa sauti ya chini. Awuor alikiacha mezani kwao makusudi, akapanda njia ya kwenda kwake.